Chuo cha Charvi na Ukuta Wetu wa Picha

Mheshimiwa Mkurugenzi wa kituo chetu cha masomo ya ziada cha Prayas, Bwana Shrotriya, mgeni wetu rasmi, Bi Tejal Bandi, uliyetoka Mumbai asubuhi ya leo kwa ajili ya mwalimu wako mzee, walimu wenzangu, wazazi mliofunga maduka mchana kweupe, jambo ambalo hapa Indore hufanywa kwa harusi na msiba tu, na ninyi wanafunzi wangu mliojipanga nyuma karibu na sahani za poha, mkidhani sijui kwa nini mko huko: nawasalimu nyote.

Nimefundisha hesabu katika jengo hili kwa miaka thelathini na moja, na leo mnaniaga. Nimepewa dakika kumi. Bwana Shrotriya ananijua, ndiyo maana ameketi akitazama saa. Leo hata mimi naitazama, na sababu ninayo. Sasa ni saa kumi na robo. Ikifika saa kumi na moja kamili, mwanafunzi wangu Charvi Namdeo lazima awe amethibitisha kwa simu yake chuo cha biashara atakachokwenda. Vyuo viwili vimemkubali, na mlango wa kuchagua unafungwa leo. Kazi anayoitaka tangu akiwa darasa la kumi ni ya benki ya uwekezaji: kuzisaidia kampuni kupata mtaji, kuuza hisa zao, hata kununuana. Mtoto huyu husoma taarifa za kampuni wakati wenzake wanatazama kriketi. Lakini baba yake anataka chuo kimoja, yeye anataka kingine, na tangu Jumapili wawili hao wanasemeshana kupitia kwa mama.

Kabla sijawaingilia, niruhusuni niungame kosa langu mwenyewe. Nyote mnaujua ukuta wetu wa njia panda, ambapo kila mwaka sura za waliofaulu huchorwa kubwa kuliko za wagombea ubunge, na chini yake huandikwa jina la chuo. Sisi walimu tumekula kwa ukuta ule. Mzazi hushuka kwenye pikipiki, huutazama, halafu hupanda ngazi kuja kumwandikisha mwanawe. Na ni nani kati yetu ambaye hajawahi kumsukuma mtoto kwenye chuo chenye jina kubwa, si kwa kuwa kinamfaa, bali kwa kuwa jina lake linapendeza ukutani?

Mimi nimefanya hivyo. Miaka kumi na sita iliyopita, Tejal huyu mnayemwona hapa mbele alikuja kwangu na barua mbili mkononi. Aliitaka kazi hiyo hiyo ya Charvi. Akaniuliza, "Mwalimu, niende wapi?" Sikumuuliza hata swali moja. Nikamwambia, "We mtoto, jina kama hilo mtu hulifikiria mara mbili? Nenda zako."

Akaenda. Kijitabu cha chuo kilikuwa na nembo za benki tisa katika ukurasa mmoja. Siku ya waajiri ilipofika, benki zikaja kweli, zikitafuta vijana wa kufungulia wateja akaunti na kuwauzia kadi. Iliyokuja kutafuta mtu wa uwekezaji haikuwepo. Chuo hakikumdanganya mtu. Kilikuwa hodari kwa mambo ya mauzo na matangazo, na kila mwenye kuuliza angeambiwa. Sisi tulihesabu nembo, tukasahau kuuliza zimefuata nini. Tejal akaishia mji wa Jabalpur, akizunguka madukani na sampuli za shampuu kwa miaka mitatu.

Siku moja akanipigia simu kutoka huko. Nilitegemea lawama. Akasema, "Mwalimu, huku wenye maduka wananiita Dada Povu." Akacheka, nami nikacheka. Nilipokata simu nililia, maana picha yake ilikuwa bado ukutani, inatabasamu, na wazazi wanawaonyesha watoto wao. Leo anaongoza kikosi kizima katika benki ya uwekezaji, lakini aliingia kwa kuzunguka nyuma, akaanza chini kabisa pamoja na watu aliowazidi umri. Miaka ile mitatu nilimpotezea mimi. Tejal, sijawahi kukuomba msamaha mbele ya watu. Nakuomba leo.

Usinipungie mkono hivyo, mwanangu. Kaa, sijamaliza.

Ndiyo maana Charvi alipokuja na barua zake mbili, nilimpa kazi ya nyumbani. Nilimwambia, "Usiniulize mimi. Watafute watu kumi kumi waliomaliza mwaka jana kila chuo, na si wale waliopigwa picha kwenye kijitabu. Waulize benki gani zilikuja, zilitaka watu wa kazi gani, na nani aliwafundisha kukadiria thamani ya kampuni." Akarudi na daftari limejaa. Kwenye chuo chenye jina kubwa, kati ya wahitimu wote wa mwaka jana mtu mmoja tu ndiye aliyeingia benki ya uwekezaji, na huyo alikuwa na mjomba huko huko. Kwenye chuo cha pili, cha mjini Pune, ambacho wengi wenu hamjawahi kukisikia, waliingia kumi na mmoja, na anayewafundisha ni mtu aliyeifanya kazi hiyo miaka ishirini.

Baba Charvi, ndugu yangu Lalit, uliyeketi safu ya pili umekunja mikono, najua nimekuudhi. Juzi ulikuja ofisini kwangu na mfuko wa sev, zile tambi za dengu mnazokaanga dukani kwako, ukaniambia, "Mwalimu, mwambie mtoto asinitie aibu. Watu wakiniuliza harusini binti yako yuko wapi, nikitaja hicho cha Pune si itabidi niwachoree ramani?" Nilikula sev yako, ilikuwa tamu, na sikukujibu. Nakujibu sasa. Harusi inakwisha kesho yake asubuhi, na Charvi ataamka kwenda kazini miaka thelathini na mitano. Wewe ulipomwajiri mpishi wako, uliuliza katoka duka gani maarufu, au ulionja kwanza?

Wenzako wanacheka. Nawe naona unajizuia.

Limebaki moja, na Bwana Shrotriya anisamehe, kwani leo hawezi tena kunifukuza. Asubuhi nimepita njia panda. Mchoraji amekwisha kuichora sura ya Charvi, nyusi na hereni, na chini yake ameandika chuo kile kikubwa. Mtoto hajachagua, sisi tumeshamchagulia kwa rangi ya mafuta. Kama mlitaka kunipa zawadi ya kuniaga, nipeni hii: jina lile lifutwe.

Nani kasimama? Sema kwa sauti, Baba Charvi, masikio yangu nayo yanastaafu. Ati nini?

Jamani, mmesikia? Anauliza kama jina la chuo cha Pune litaenea pale ukutani.

Litaenea, ndugu yangu. Lisipoenea, mchoraji atapunguza nywele. Charvi, baba amekwisha kukubali kwa kinywa chake, bila kumtuma mama. Ni saa kumi na nusu. Toa simu yako, uthibitishe.

Nawashukuru walimu wenzangu, nawashukuru wazazi, na wewe Tejal kuliko wote. Mmenivumilia miaka thelathini na moja, na leo tena mmenitegea sikio hadi mwisho. Ahsanteni sana.