Mama Bawaba, Tabibu wa Makabati ya Vitabu

Mama yetu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika chumba kilichopakana na karakana ya baba yake, aliyekuwa seremala. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho, akimfuata kaka yake kwa miaka mitatu. Siku hiyo baba alisimamisha randa, akaja mlangoni na vumbi kichwani, akauliza, "Mzima?" Akaambiwa mzima. Akarudi kazini.

Alianza shule Januari 1958. Darasani mwao kulikuwa na kabati refu la vitabu lenye milango ya vioo, nalo alilitazama kuliko ubao.

"Wewe, unatazama nini huko?" mwalimu alimuuliza siku moja.

"Bawaba ya chini, mwalimu. Imelegea. Mlango utaanguka."

Darasa likaangua kicheko, naye akasimamishwa pembeni hadi kengele ilipolia. Jumatatu iliyofuata mlango ukaanguka. Tangu hapo akaitwa Bawaba, na alipojaliwa mtoto, Mama Bawaba. Alimaliza masomo mwaka 1967.

Baba hakukusudia kumfundisha ufundi. Alimpa msasa ili asikae bure. Lakini kufikia mwaka 1970 mzee mwenyewe alikiri kwa majirani, "Mkono wa huyu unasikia mbao." Baba alipofariki mwaka 1983, karakana ilibaki mikononi mwa kaka na dada.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza makabati ya vitabu ya kale. Kabla ya kuangalia uso wa kabati alipapasa kwanza mgongo wake. "Usoni kila mtu hujipamba," alikuwa akisema. "Ukweli uko mgongoni." Ya zamani kabisa aliyajua kwa mawimbi yaliyoachwa na randa ya mkono: makabati mazito, yenye taji la nakshi juu na miguu kama ya mnyama. Baada yake yalikuja yenye vioo vidogovidogo vilivyoshikwa na fito nyembamba, kisha yale ya masanduku yanayopangwa moja juu ya jingine, mtu anaongeza moja kila vitabu vinapozidi. Halafu watu wakachoka na nakshi, wakataka mistari iliyonyooka na miguu myembamba. Haya ya siku hizi, ya unga wa mbao na gundi, aliyaita wageni wa mvua: yakilowa tu, yanavimba na kuaga.

Tarehe 7 Agosti 1976 aliolewa na fundi wa kujalidi vitabu, aliyekuja karakana kulalamikia kabati lililogoma kufunguka, akaendelea kuja hata baada ya kabati kupona. "Yeye anavivisha vitabu, mimi navijengea nyumba," marehemu alipenda kusema. Walijaliwa binti mmoja. Mume alitangulia mwaka 2004, na kwa muda mrefu marehemu hakuimba tena akiwa kazini.

Mwaka 2008 alikwenda kumuuguza binti yake aliyekuwa amejifungua. Aliporudi baada ya wiki tatu alikuta kabati kuukuu kuliko yote yaliyowahi kuingia pale limekatwa taji kwa msumeno.

"Kaka, umelikata kichwa."

"Nyumba ya mteja dari yake ni fupi. Ulitaka atoboe paa?"

"Nilitaka unisubiri."

Hayakuzidi hayo. Ukuta wa mbao ukasimama katikati ya karakana, na kwa miaka kumi na minne ndugu wa tumbo moja wakasikilizana nyundo bila kusalimiana.

Kikohozi kilimwanza mwaka 2017. Mwaka 2022 daktari alimwambia mapafu yameshiba vumbi, asikanyage tena karakana. Wiki hiyohiyo kaka yake alibisha hodi saa nne asubuhi, akakaa barazani. Akarudi kesho yake, na keshokutwa. Walizungumza habari za vanishi, wakabishana juu ya gundi, wakacheka mpaka kifua kikamkaba mgonjwa. Juu ya taji lile hakuna aliyegusia.

Marehemu alifariki nyumbani Alhamisi, tarehe 9 Novemba 2023, alfajiri, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili. Saa nne kaka yake alifika kama kawaida, akatukuta uani tunalia.

Kaka ameomba iandikwe hapa kwamba kila asubuhi alitoka kwake amekusudia kuomba radhi, na kila asubuhi akaishia kuzungumzia vanishi. Alisema alikuwa amepanga kuomba Jumapili iliyokuwa ikija.

Naye binti wa marehemu anafikisha leo neno alilokabidhiwa alitunze. Mwezi wa kwanza tu wa ziara zile alimuuliza mama yake kwa nini asimwambie mjomba kwamba yamekwisha. Mama akajibu, "Nilishamsamehe zamani. Lakini usimwambie. Akijua, ataacha kuja."

Ameacha binti, mkwe, wajukuu watatu, na kaka, ambaye kiti chake kingali barazani, na saa nne chai itakuwa tayari.

Apumzike kwa amani mama yetu. Kifua chake sasa kimetulia.