Njia Iliyopita Barazani kwa Bi Mkasi

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa Mipango Miji. Viongozi wa mtaa. Majirani mlioacha kazi zenu mkaja: sisi wakazi wa nyumba za ufukweni tunawasalimu kwa heshima, nawe mgeni rasmi tunakushukuru kwa kurudi. Wanaokuja kuchukua maoni yetu ni wengi. Wanaorudi kuonyesha walichofanya nayo ni wachache mno.

TULIKOTOKA

Kanuni za zamani za ujenzi wa ufukweni zilitukuta nyumba zetu zimeshasimama. Zilikataza kujenga karibu na maji, na hilo hatukugombana nalo, maana tumeyaona maji yakipanda. Lakini zilikataza hata kukarabati. Ukuta ukipasuka, uuangalie tu.

Aliyeumia zaidi ni jirani yetu fundi cherehani, ambaye mtaa mzima tunamwita Bi Mkasi. Mumewe, aliyekuwa fundi rangi wa boti, alipooza upande mmoja, akawa wa kulala kutwa katika chumba cha pembeni, kinachoanzia barazani hadi kwenye maji. Mvua zilipokaza, maji yalipenya kwenye ufa yakamfuata hadi kitandani. Bi Mkasi alikwenda kuomba kibali cha kuuziba, akarudishwa. Akauziba mwenyewe. Askari wa jiji wakaja, wakamchorea alama nyekundu ukutani: bomoa. Siku ile alishona mpaka jioni bila kuinua uso.

MAPITIO YA KANUNI

Ndipo jiji likatangaza kuzipitia upya kanuni hizo. Mkutano wa kwanza ulifanyika kwenye ukumbi wa mbali; habari ilitufikia viti vimeshakunjwa. Tulipolalamika, mgeni rasmi, hukutuma mtu. Ulikuja mwenyewe, na mkutano wa pili ukafanyika sebuleni kwa Bi Mkasi, rasimu ikiwa imetandazwa juu ya meza yake ya kukatia vitambaa.

Rasimu ilisema nyumba iliyopo ikarabatiwe, mradi isisogee majini. Ilisema pia njia ya watu wote ipite ufukwe mzima bila kukatizwa. Sasa nyuma ya nyumba ya Bi Mkasi ni maji, kwa hiyo njia haikuwa na pa kupita ila mbele, barazani, palipokaa cherehani zake.

"Dada, wewe ndiye mwenye nyumba. Anza wewe," ulimwambia.

"Mheshimiwa, chumba mnanipa, riziki mnaninyang'anya. Hapo nishukuru au nilie?"

Kisha ikaja sauti ya mumewe kutoka chumbani, nzito kwa ugonjwa: "Waache wapite, mama. Tangu niugue nazungumza na dari tu, na dari haijibu."

Watu walicheka, nawe ulicheka. Bi Mkasi hakucheka. Aliingia chumbani akafunga mlango, na sote tukamsikia: "Na cherehani nikaziweke wapi, kichwani?"

"Zilete humu. Nitakuona ukishona."

Alikaa humo kitambo. Alipotoka, macho yalikuwa mekundu. "Andikeni nimekubali," alisema. "Ila chumba chake kipate mlango wa kutokea njiani."

Uliomba kalamu, ukaandika kwa mkono wako.

TULICHOPATA

Kanuni mpya zimepitishwa, kibali kimetoka, ukuta umejengwa upya. Mlango upo. Fundi rangi hukaa mlangoni pake, anasalimiwa na kila apitaye, na wenye boti anawasema bila huruma kwa rangi walizochagua. Ulimi wake umefunguka kuliko tulivyotarajia. Pengine ni kwa sababu amepata wa kubishana naye. Kwa hili hatuna maneno ya kutosha. Ahsante sana.

KILICHOBAKI

Njia yetu inaishia kwenye geti la majengo ya kupangisha. Ng'ambo ya geti kipo kituo cha afya, fundi rangi anakofanyia mazoezi ya viungo. Kanuni zinataka geti liwe wazi mchana. Mlinzi, mtu mwema kabisa, anasema hajaletewa agizo. Basi tunampitisha barabara ya juu, yenye ngazi, tukimbeba mgongoni kwa zamu, kiti chake cha magurudumu kikifuata nyuma. Kwetu si mzigo. Ila yeye anaona haya, na siku hizi ameanza kusema amepona, mazoezi hayahitaji tena. Mkono wake bado haushiki kikombe.

OMBI LETU

Hatuombi kanuni nyingine. Hizi zinatutosha, na tulizitunga pamoja nawe. Tunaomba uitembee njia hii pamoja nasi, mpaka mwisho wake, leo hii kabla ya chakula.

Huenda umeona viti viwili vya mbele viko wazi. Bi Mkasi na mumewe hawakukudharau. Wametangulia, wako getini, wanakusubiri.

Mwenyezi Mungu akupe afya, akulindie nyumba yako na wote waliomo.

Ni sisi wako,
Umoja wa Wakazi wa Njia ya Ufukweni