Mama Buti na Barabara Iliyopita Chini

Ninaandika wasifu huu kwa sababu kamati ya ustawi wa watumishi imeniagiza, na kwa sababu anayeagwa amekataa katakata kuuandika mwenyewe. Tarehe thelathini ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na minne katika utumishi wa misitu ya umma, Mkuu wa Kitengo cha Barabara za Msituni atakabidhi funguo za ofisi yake. Katika majalada anaitwa kwa cheo hicho kirefu. Sisi, kuanzia mkurugenzi hadi walinzi wa geti, tunamwita Mama Buti.

Jina hilo lina asili yake. Nyuma ya gari lake la kazi halikosi gunia la buti za mpira, zote za saizi moja, tena kubwa. Mgeni yeyote anayefika msituni na viatu vya ofisini huvishwa kabla hajamaliza kusalimia. Mhandisi wa barabara wa wilaya, bwana mwenye miguu midogo na heshima kubwa, aliwahi kutembea nusu siku akiwa amesokomeza magazeti mbele ya vidole. Alipoulizwa anaendeleaje, alijibu: "Mimi siendi popote, mama. Zinazokwenda ni hizi buti, mimi nazifuata tu." Mama Buti alicheka hadi akatafuta gogo la kukalia.

Alianza kazi katika kitalu cha miche, akijaza udongo kwenye vifuko bega kwa bega na vibarua, ingawa shahada yake ilikuwa imempatia kiti na meza. Kutoka hapo alihamishiwa kitengo cha mbegu, na huko ndiko likatokea kosa lililobadili mwelekeo wa maisha yake kazini. Enzi hizo kitengo cha mbegu kilipaka rangi nyekundu miti bora isiyopaswa kuguswa. Kitengo cha barabara nacho kilipaka rangi hiyo hiyo miti iliyosimama njiani, ili ikatwe. Hakuna aliyewahi kumuuliza mwenzake. Asubuhi moja misumeno ya injini ikanguruma, na kabla umande haujakauka, miti kadhaa ya mbegu ilikuwa imelala chini. Mama Buti alifika mbio, kopo la rangi mkononi. Msimamizi wa wakataji akamwambia, bila ubaya wowote: "Dada, kwetu nyekundu ni kata. Kwenu ni nini?"

Wengi wetu tungeandika malalamiko yenye nakala kwa kila idara. Yeye aliomba uhamisho kwenda kitengo cha barabara. Wenzake walidhani amechanganyikiwa, kwani mlinzi wa mbegu anahamiaje kwa wenye misumeno? Jibu lake lilikuwa fupi: asiyekuwepo na lake halipo.

Huko alianzisha utaratibu ambao hauko katika kanuni yoyote iliyochapishwa, lakini hakuna anayethubutu kuuruka. Kabla mti wa kwanza haujakatwa, wanaoitaka barabara na wasioitaka huitembea njia nzima pamoja, siku moja, mwanzo hadi mwisho. Mwenye pingamizi husimama pale pale penye pingamizi lake, na hoja hujadiliwa kwa miguu, hakuna kiti. Asiyetembea hana kauli. Kwa njia hiyo amefungua barabara nyingi za magogo na kuzuia nyingine nyingi, na maadui wake, kwa kadiri nilivyoweza kutafiti, ni wachache kuliko jozi za buti zake.

Nyumbani nako mjadala haukuwahi kulala. Mumewe ni fundi seremala, naye Mama Buti hupenda kusema kwamba katika nyumba yao mti una wakili sebuleni na hakimu karakana.

Hata hivyo, wasifu huu usingekamilika bila kueleza suala la njia ya mgongoni, lililomgusa kuliko yote. Njia hiyo ya zamani inapanda mgongo wa mlima katikati ya msitu wa juu, ambao haujawahi kuvunwa, na kushukia vijiji vya upande wa pili. Wanavijiji waliomba ifunguliwe kwa magari ili wagonjwa wao wafike hospitali. Wafanyabiashara wa mbao wakaunga mkono kwa kasi iliyotia shaka. Chama cha wahifadhi kikapinga: gari likipanda, msumeno utalifuata, kisha mkaa, kisha mashamba, na chemchemi zitakauka. Naomba nisieleweke vibaya. Wanavijiji walisema kweli, na wahifadhi pia walisema kweli. Ndiyo maana jambo lilikuwa gumu.

Lilizidi kuwa gumu kwa sababu mwenyekiti wa wanavijiji alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mdogo wake Mama Buti, tumbo moja. Mke wa mwalimu huyo aliwahi kupitishwa njia ile kwa machela akiwa na uchungu, na mtoto akazaliwa kabla hawajafika kileleni. Mama na mwana walisalimika. Katika mkutano wa hadhara mwalimu alisimama akasema: "Dada, wewe una miti ya kulinda. Mimi nina wagonjwa mabegani. Tuambie hapa, mzigo upi mzito?"

Mama Buti akasema: "Shangazi wa mtoto aliyezaliwa kwenye machela hawezi kukujibu akiwa amekaa. Jumatatu tutembee."

Walitembea. Walikuwepo mwalimu, mhandisi wa magazeti, katibu wa chama cha wahifadhi na mwakilishi wa wenye mbao. Huyu wa mwisho alilalamikia goti kwenye mwinuko wa kwanza, nalo goti likapona ghafla alipoliona gari la kumrudisha. Wengine walifika kileleni wakihema. Hapo katibu akamuuliza mwalimu kwa nini wagonjwa wapandishwe mlima ilhali ramani inaonyesha barabara ya chini, pembeni mwa bwawa la matete. Mwalimu alicheka. "Bibie, ramani haijawahi kunyeshewa."

Akaeleza kwamba barabara ile ilikuwa na kalavati moja, daraja dogo la bomba, lililobomoka zamani. Kiangazi magari yalipita. Masika haikupita hata baiskeli. Idara ya barabara ilisema kalavati liko msituni, na sisi wa misitu tukasema liko barabarani. Wote wakateremka kuliona. Mhandisi alilichungulia shimo lile, kisha akasema: "Mama, hili ni letu sote, na ni aibu yetu sote."

Lakini bwawa lilikuwa limepanuka, na barabara isingedumu bila kusogezwa juu kidogo, kupitia shamba la miti ya mbegu ambalo Mama Buti alilipanda kwa mikono yake alipokuwa kijana. Katibu wa wahifadhi akang'aka: tunaokoa msitu kwa kukata msitu? Jibu la Mama Buti linanukuliwa ofisini hadi leo: "Huu niliupanda, naweza kuupanda tena. Ule wa juu simjui aliyeupanda." Yeye mwenyewe akaiwekea miti hiyo alama ya kukatwa, mmoja baada ya mwingine.

Uamuzi ukawa huo. Njia ya mgongoni ibaki ya miguu tu, barabara ya chini ijengwe upya. Mwalimu aliwarudia watu wake na ahadi ya kalavati badala ya barabara aliyowaahidi, nao wakamwambia dada yake amemzunguka. Kwa miezi mingi mwalimu hakukanyaga kwa dada yake wala kupiga simu. Damu ni nzito kuliko maji, lakini siku zile dada mtu alinywa chai yake bila ndugu. Likizo yake ya mwisho hakuichukua. Alikuwa nyuma ya greda, akisimamia barabara ya chini.

Masika ya mwaka huu mvua ilinyesha wiki nzima bila kupumzika. Siku ya sita simu ya ofisini ikalia. Alikuwa mwalimu. "Dada, gari la wagonjwa limepita. Tope limeishia kwenye rimu." Mama Buti aliweka simu chini, na mchana ule kila aliyeingia ofisini, awe na faili au na brashi ya kusugulia sakafu, aliambiwa tope limeishia kwenye rimu.

Mjadala haujaisha. Ombi jipya la kufungua njia ya mgongoni limekwisha kupokelewa, na safari hii litawakuta wengine mezani. Tunamshukuru kwa kutufundisha kulijibu tukiwa tumesimama. Tunamtakia afya, usingizi wa asubuhi usio na honi za malori ya magogo, na maisha mema pamoja na seremala wake.

Hafla haitafanyika ukumbini. Mwalimu ameomba, na mkurugenzi ameridhia, kwamba wanavijiji waje kwa upande wao nasi twende kwa upande wetu, na mwalimu mwenyewe ndiye atakayesema neno la familia. Tukutane Ijumaa tarehe thelathini, saa nne asubuhi, juu ya kalavati.