Magunia Kumi na Mawili ya Fundi Brashi

Ndugu, jamaa na majirani, mliopata viti na mliosimama, familia imemtuma mdogo wake marehemu awasomee haya, na kwa kuwa hajapata usingizi wa maana tangu Jumanne, mtamwia radhi akiruka mstari.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Brashi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika chumba cha nyuma cha nyumba za wafanyakazi wa reli, akiwa wa kwanza kati ya watoto wanne, akasoma shule ya msingi iliyopakana na karakana kuanzia 1968 hadi 1974, kisha sekondari kwa miaka minne, ambako mwalimu wa hesabu alimchapa kwa kuchora pembeni mwa daftari, na mwalimu huyohuyo akamwita aandike jina la shule getini.

Februari 1979 aliajiriwa katika duka la mabango mkabala na maegesho ya malori, akaandika kwa mkono majina ya saluni, bucha na zahanati, hadi mwaka 2003 tajiri wake alipoleta mashine ya kuchapa mabango ya plastiki, marehemu akahamishiwa kwenye kompyuta, na kwa miaka kumi na minane wateja wakamwambia aongeze nyekundu kidogo, apunguze, halafu arudishe ile ya kwanza. Ndiyo kazi iliyotulisha, hatuisemi vibaya, lakini ilimchosha, na kila alipokuta mabango ya mwezi uliopita yameziba mtaro aliyazoa akarudi nayo nyumbani.

Tarehe 6 Agosti 1988 alimwoa fundi cherehani wa mtaa wa pili, shemeji yetu huyu mnayemwona hapa mbele, wakajaliwa binti mwaka 1990, ambaye ni mkunga, na mwana wa kiume mwaka 1994, ambaye ni fundi umeme. Ni katika ua wa nyumba yao, mwaka uleule wa mashine, marehemu alipoanza mambo yake ya jioni, akakusanya maganda ya jikoni, majani na vumbi la mbao kutoka kwa seremala, akayalundika yaoze yawe mboji, akayageuza kwa uma wa shambani kila Jumamosi, maji ya kuoshea mboga yakawa ya miche, mabango chakavu akampa mkewe ayashone vikapu, na mgeni aliyetupa ganda la ndizi ovyo aliitwa arudi kuliokota, awe mkwe au mwenyekiti wa mtaa. Tulipomuuliza kwa nini asichore picha zake mwenyewe akiwa nyumbani, alijibu kwamba udongo hauna mteja. Tulimcheka, na kwa kuwa msibani hatudanganyi, tulimchoka pia, maana nzi walikuwepo, ndoo zilikuwepo mlangoni, na mkewe aliomba mara nyingi lundo lile liondoke apate pa kuanika nguo.

Novemba 2021 alianza kukohoa, daktari akasema mapafu yamekakamaa, akaacha kazi, na pumzi ya kushika uma ilipokwisha akawa anakaa kitini akielekeza, mkewe anageuza, mtu aliyetoka kuinamia cherehani kutwa nzima, kwa miaka miwili na nusu. Mboji iliyoiva ikajaa magunia kumi na mawili, na marehemu akamwomba mkewe, wawili tu chumbani, kwamba siku yake ikifika afunikwe nayo. Alifariki Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, saa tano na dakika ishirini asubuhi, katika wodi ya wanaume, mkewe akimkanda miguu.

Hapa ilipasa zifuate shukrani, lakini kuna jambo. Jumatano, mdogo wake marehemu, huyuhuyu anayesoma, akitafuta nafasi ya viti vyenu, alikuta magunia machafu uani, hakuuliza mtu, akayapakiza kwenye lori la taka, na akajisifu kwa kazi nzuri. Jana mjane aliuliza yako wapi, akaeleza ombi la marehemu. Mdogo mtu akaenda jalalani, akafukua pamoja na waokota chupa mpaka jua likazama, akarudi mikono mitupu. Leo asubuhi alimsomea shemeji yake karatasi hii mpaka hapa, akisubiri atukanwe, na shemeji, akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda, akasema isomwe hivihivi, kwamba miaka ishirini yeye mwenyewe aliomba lile lundo liondoke, sasa limeondoka, na ule ua umekuwa mkubwa mno, hajui asimame wapi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, majirani waliovumilia nzi wetu na wiki hii wakatupikia, wafanyakazi wenzake waliofunga duka siku mbili, na wale waokota chupa, ambao hawakumjua marehemu hata kwa sura.

Kaka, udongo utakaokufunika leo ni huu uliochimbwa hapahapa, mgumu, una mawe, siyo ule uliouomba, na kosa ni la mdogo wako. Mkeo amesema atakuja Jumamosi na uma. Nimemwambia apumzike, nitakuja mimi. Nawe uliyechoka kutuzidi sote, pumzika kwa amani.