Mzee Kiangazi Anatuachia Mlango wa Stoo

Kwa heshima na taadhima, wafanyakazi wote wanaarifiwa kwamba kuanzia saa kumi na moja jioni, Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, mlango wa stoo ya nyuzi utaweza kubaki wazi kwa zaidi ya sekunde kumi bila mtu yeyote kuitwa adui wa kiwanda. Hatua hii haitokani na mabadiliko ya sera. Inatokana na kustaafu kwa mtunza stoo wetu, Mzee Kiangazi, baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi.

Aliingia hapa akiwa mpakiaji, kijana mwembamba ambaye, kwa ushahidi wa picha ya kitambulisho chake, alikuwa na nywele. Baada ya muda alihamishiwa kwenye kalibu, kule tunakotandaza vitambaa vya nyuzi za kioo, tukavimiminia gundi na kuvipitishia rola mpaka viwe mhimili wa ngazi au ubavu wa tangi la maji. Alidumu huko miaka miwili, akijikuna. Nyuzi za kioo zikishaingia kwenye kola ya shati, hata mtu mwenye subira ya punda huanza kutafuta kazi nyingine. Mtunza stoo wa wakati ule alipoomba likizo, Mzee alijitolea kushika ufunguo kwa wiki sita. Mwenye stoo hakurudi. Wiki sita hizo zinaisha Ijumaa.

Jina la Kiangazi alipewa na watu wa kalibu, na halikuwa la sifa. Alikuwa akipiga kelele mvua ikinyesha na akipiga kelele isiponyesha. "Mlango huo, jamani! Kwenu mmezaliwa pangoni?" Ukutani alitundika kipima unyevu alichopewa na shemeji yake, mtotoleshaji wa vifaranga aliyekuwa ameacha biashara hiyo. Kwenye alama ya sitini na tano binti wa Mzee alichora mstari kwa rangi ya kucha. Mshale ukivuka rangi ya kucha, stoo ilifungwa, na hata meneja alisubiri nje kama mgonjwa anayengoja zamu yake.

Wengi wetu tulidhani ni kichaa cha cheo kidogo. Ilituchukua miaka kuelewa somo alilokuwa akilitoa bure, tena kwa sauti ya juu. Uzi wa kioo hauji uchi kutoka unakotengenezwa. Hupakwa utando mwembamba usioonekana kwa macho, na utando huo una kazi mbili: kuzuia nyuzi zisikwaruzane njiani, na kuzishikisha na gundi zikifika kwetu. Bila utando, gundi na kioo hukaa pamoja kama wakwe waliogombana: wako chumba kimoja, lakini hakuna anayemshika mwenzake mkono. Na utando ukikaa kwenye unyevu siku nyingi, huchoka. Jora la kitambaa huonekana jeupe vilevile, laini vilevile. Siri hutoka siku ya kubeba mzigo.

Ndiyo maana hakuruhusu jora lifunguliwe siku lilipotolewa stoo. Lilipaswa kulala ndani ya nailoni yake kwenye chumba cha kazi kwa siku nzima, lizoee joto, lisije likatoka jasho. Mgeni, alisema, haulizwi habari mlangoni. Ndiyo maana pia jora likilowa hakukubali lianikwe. Unyevu utatoka, alituambia, lakini utando haurudi. Na mwaka mmoja majora arobaini yalipoletwa yakiwa na utando uliotengenezwa kwa ajili ya gundi ya aina nyingine, ni yeye aliyedondosha tone moja la gundi yetu juu ya kitambaa, akalitazama likikaa pale kama mzigo usio na mwenyewe, akayarudisha majora yote kabla dereva hajamaliza kunawa mikono.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo yeye mwenyewe ameomba lisiandikwe, kwa hiyo tutaliandika kwa ufupi.

Miaka kumi na moja iliyopita, ngazi ishirini na sita za mafundi umeme zilikuwa uani zikisubiri kuondoka. Mtu wa vipimo, ambaye tunamwita Bwana Mvunjaji kwa kuwa analipwa kuvunja tulivyovitengeneza, aliweka kipande cha mhimili kwenye mashine yake. Kikavunjika kwenye theluthi mbili za mzigo kiliopaswa kuubeba. Akaweka cha pili. Hivyo hivyo. Ngazi ni kitu ambacho mtu hupanda akiwa amemwamini asiyemjua, na meneja hakulala. Akatafuta mkono uliokosea, na mkono uliokuwa karibu ulikuwa wa Dada Rola, mkuu wa kalibu, mama wa watoto watatu, aliyekuwa ameitengeneza kila ngazi katika zile ishirini na sita. Iliamuliwa kwamba aliharakisha na kuacha hewa ndani ya gundi. Aliondolewa kwenye kazi ya ngazi, akapelekwa matangi, na barua ya kumwachisha kazi ikachapwa, ikabaki kusainiwa.

Mzee Kiangazi hakuamini. Alikuwa amemwona yule dada akipitisha rola juu ya kiputo cha ukubwa wa chawa kana kwamba kimemtukana. Yeye alikuwa na mshukiwa wake: ukuta wa nyuma wa stoo, ule unaotoa jasho wakati wa mvua. Akaenda kwa meneja akaomba wiki kumi. Meneja akasema barua haiozi, akampa.

Alichukua jora jipya, akalikata vipande tisa. Vitatu akavifunga kwenye nailoni na kuviweka katikati ya stoo. Vitatu akaviacha wazi kwenye ukuta unaotoa jasho. Vitatu vya mwisho akaviacha wazi kwenye rafu ya juu kabisa, juu ya meza yake, ili viwe mfano wa mahali pazuri. Rafu ile ndiyo aliyoithamini kuliko zote. Ilikuwa mbali na sakafu na mbali na ukuta mbovu, na hapo ndipo alipokuwa akiyaweka, yakishafunguliwa kalibu na kurudishwa yakiwa wazi kusubiri kukatwa tena, majora ya ngazi peke yake. Vitambaa vya matangi vilikaa chini. Ngazi hubeba watu, alisema, zipewe kiti cha mbele.

Wiki kumi zilipotimia akavipa vipande namba, akaificha orodha mfukoni, akamkabidhi Dada Rola avitengeneze vyote tisa siku moja, kwa ndoo moja ya gundi na mkono ule ule uliokuwa ukishtakiwa. Dada Rola hakujua kipande kipi kilitoka wapi. Alimwambia tu kwamba kama huu ni mtego, auweke vizuri, maana ana watoto wa kusomesha. Siku ya kuvunja, Bwana Mvunjaji alisoma namba na Mzee akaandika.

Vya katikati ya stoo vilibeba mzigo wote, na ziada. Vya ukuta wenye jasho vilipungua kidogo, kama sehemu moja ya kumi. Vya rafu ya juu vilivunjika kwenye theluthi mbili, vyote vitatu, mahali pale pale zilipovunjikia ngazi.

Bwana Mvunjaji husimulia kwamba Mzee aliitazama orodha muda mrefu, akaenda stoo, akaketi mezani pake, akainua macho. Juu yake ilikuwa rafu. Mbele yake lilikuwa birika. Kwa miaka mingi, mara nne kwa siku, mlango ukiwa umefungwa barabara kwa amri yake mwenyewe, alikuwa akichemsha chai chini ya majora ya ngazi. Mvuke ulipanda kama unavyopanda siku zote, ukakosa pa kutokea. Majora ya zamani yalikuwa yakiisha ndani ya siku chache, lakini ya ngazi zile yalikuwa yamekaa pale wiki kumi. Kipima unyevu kilikuwa upande wa pili, kando ya mlango, kikilinda dhidi yetu.

Orodha ilikuwa mfukoni mwake, na hakuna mwingine aliyejua namba zipi zilitoka wapi. Angeweza kuusingizia ukuta. Ukuta hauna mtetezi, na sisi sote tungemwamini. Kesho yake asubuhi, kabla meneja hajavua koti, karatasi ilikuwa mezani kwake ikiwa na namba zote tisa, na chini yake mistari miwili: "Mkono wa fundi hauna kosa. Kosa ni la birika, na birika ni langu."

Barua ya Dada Rola ilichanwa. Ngazi zote ishirini na sita zilikatwa. Kimoja kati ya vipande vyake ndicho kile kibenchi cha nje ya stoo, ambacho kinamudu vizuri kumbeba mtu aliyekaa. Mzee alipewa onyo la maandishi, akalibandika mwenyewe mlangoni, na lipo hadi leo. Kisha akalichukua birika, akavuka nalo ua mchana kweupe mbele ya kalibu nzima, akaliacha jikoni.

Dada Rola hakumsemesha kwa wiki nzima. Siku ya nane alipita pale kwenye kibenchi, akasimama, akamwambia, "Kiangazi mzima, kumbe masika yote ulikuwa nayo ndani!" Walicheka mpaka mtu akatoka ofisini kuuliza kulikoni. Tangu hapo yeye peke yake humwita Mzee Masika, na ni yeye peke yake anayeruhusiwa.

Katika miaka hii kumi na moja hakuna ngazi yetu hata moja iliyoanguka kwenye mashine ya Bwana Mvunjaji, jambo linalomsikitisha kitaaluma. Vipima unyevu vya stoo sasa ni vinne, kimoja kikiwa rafu ya juu. Na kila siku saa nne asubuhi tumemwona Mzee amekaa kwenye kibenchi chake, mlango umefungwa nyuma yake, kikombe cha bati mkononi, akituangalia kama tutathubutu.

Mzee wetu, asante kwa mlango, kwa kelele, na kwa ile karatasi. Ukapumzike pakavu, wewe na mama watoto, na wajukuu wakufungie milango bila kuambiwa. Stoo anaichukua binti mmoja wa kalibu ambaye tayari ameanza kutufokea.

Zawadi yetu kwako ni birika jipya, kubwa, la kung'aa, ulichemshe popote upendapo bila kuandikiwa barua. Dada Rola ndiye aliyelichagua. Jana tulimwonyesha mke wako kwa siri, tujue kama rangi itafaa. Akatuambia kwamba chai uliacha miaka kumi na moja iliyopita, na kwamba kikombe kile huwa na maji ya bomba.