Mama Marieta na Majivu ya Nangwa

Bi Marieta Akonaay, fundi mkuu wa maabara, anastaafu tarehe 30 Juni 2025 baada ya kukitumikia kituo chetu cha Katesh kwa miaka thelathini na miwili. Alianza kwa kupima udongo wa mashamba, akaingia kwenye nishati kituo kilipobadilishiwa kazi, na kote huko hakuwahi kuandika kipimo asichokirudia mara tatu. Krismasi moja aligawa nyama ya mbuzi ya sherehe yetu kwa mizani ya maabara. Huo ndio mwaka pekee ambao hakuna aliyenung'unika.

Kazi yake ya mwisho ilitukosesha raha sote. Tunageuza samadi kuwa mafuta: inachanganywa na maji, inafungwa ndani ya mtungi wa chuma na kupashwa moto mkali chini ya mgandamizo, hadi yanapatikana mafuta mazito meusi. Modeli ya kompyuta hutabiri mapema yatatoka kiasi gani. Yetu ilitabiri gramu thelathini kwa kila gramu mia za samadi kavu, mtungi ukatoa ishirini na mbili. Ikawa hivyo miezi kumi na minne.

Mimi Yonas, ninayeandika wasifu huu, ndiye niliyeitengeneza modeli hiyo, na niliipenda kupita kiasi. Kwenye rasimu ya ripoti nikaandika kwamba tofauti ile inatokana na "makosa ya upimaji". Mpimaji alikuwa mmoja tu, na alikuwa amebakiza miezi mitano astaafu. Aliisoma, akavua miwani, akasema haendi nyumbani Tlawi na jina la mtu asiyejua kupima. Kesho yake akapanda bodaboda hadi Nangwa, kwa Gidamis, mfugaji anayetuletea samadi.

Alimkuta mama yake Gidamis akijaza magunia yetu. Akamwamkia shikamoo, akakaa, akatazama. Kila tabaka la samadi bibi alilinyunyizia majivu ya jikoni. Alipoulizwa, bibi alijibu kwamba ni aibu kuwapelekea watu wa ofisini kitu kinachonuka.

Majivu hayageuki mafuta, yanaongeza uzito wa samadi tu. Mizani ya Marieta ilikuwa ikisema kweli siku zote. Modeli yangu ndiyo iliyotegemea kiwango kidogo cha majivu ya asili ya samadi, nilichopima mara moja tu, kwa samadi niliyoiokota nyuma ya ofisi. Tulipoingiza kiwango halisi, ikatabiri gramu ishirini na mbili. Ofisi nzima ilishusha pumzi, na mimi sijawahi kufurahi kiasi kile kwa kuambiwa nimekosea. Marieta aliomba chai, akanywa vikombe viwili.

Nikaifuta sentensi yangu, nikaandika nyingine: samadi ilichafuliwa na wafugaji. Marieta akachukua kalamu, akakata "ilichafuliwa na wafugaji", akaandika juu yake "ilitiwa majivu kwa heshima". Ripoti imetoka hivyo hivyo.

Mama Marieta, nilikuomba radhi ofisini, na leo nakuomba mbele ya wote. Ahsante kwa uvumilivu wako na kwa yote uliyotufundisha. Tunakuombea afya njema na siku za utulivu huko Tlawi. Nenda nyumbani, mama. Vipimo vyako viko sahihi.