Mtambo Uliogoma kwa Kosa Moja

Kijiwe chetu kiko nyuma ya hoteli moja hapa Malindi, mwaka wa themanini na saba huu, penye kivuli cha ukuta. Wenyewe ni sisi: Farjallah mwenye dele la kahawa tungu, Mzee Abdulghani, tumwitaye Balozi kwa kuwa safari yake ndefu kuliko zote ni Tezo, hapo karibu na Kilifi, na mimi, Profesa, niliyeiacha shule darasa la sita baada ya kuona walimu wameishiwa. Asubuhi moja Athman, kijana wa hotelini, akatutokea jasho tele. Ndiye aliyeutungia mtambo wa kompyuta wa hoteli maagizo ya kusoma habari za wageni zitokazo Mombasa. Kila habari ina alama ya kufungua na ya kufunga. Ikikosewa moja, mtambo hauendi mbele.

— Umegoma tena, akasema. Narekebisha kosa, naanza upya, unagomea jingine. Meneja asema basi la wageni likifika haujamaliza kusoma, anaurudisha Mombasa, nami narudi kubeba masanduku.

— Masanduku nayo yataka akili, nikamwambia. Hufai.

— Uufukize ubani, akasema Balozi. Una kiburi cha ugeni.

— Mimi naona kosa likija, lipite, akasema Farjallah. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta mpya hupendeza zaidi.

— Likipita, wawili watapewa kitanda kimoja, akasema Athman.

— Wangapi walioana hivyo?

— Tatizo mlinunua mmoja, akasema Balozi. Kidole kimoja hakivunji chawa. Uozeni, hasira zitapoa.

— Wazee mwachosha, nikasema. Athman, wamkumbuka Maalim Nasor, wa chuo cha Kurani?

— Mgongo wangu wamkumbuka.

— Ukikosa herufi, bakora, rudi mwanzo. Mwaka mzima tuko sura ile ile. Na Bi Shekha je?

— Alikuacha umalize ukurasa.

— Akikunja kidole kwa kila kosa. Ukinyamaza ndipo akutajie yote. Basi mtambo umeufunza u-Maalim Nasor. Ufanye Bi Shekha: usome hadi mwisho, ukusanye makosa, wageni wenye habari safi wapite, wenye kasoro wakae kando.

Athman akanitazama kama aliyeamkiwa na mbuzi. Akaacha kikombe, akaenda.

Kabla ya adhuhuri alirudi, meno yote nje. Mtambo umewasoma wageni wote, makosa umeyataja kwa pamoja, karibu yote ameyasahihisha, na meneja kampa mkono. Nikaagiza kahawa ya kila mtu, alipe Athman.

Ndipo akaja Nduku, mtandika vitanda wa hotelini, ambaye hajawahi kusimama kijiweni petu.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba.

— Athman, basi limefika. Kuna mgeni mmoja uliyemweka kando. Mtambo wasema ataondoka Jumanne, atafika Alhamisi. Yuko mlangoni na mkewe. Nimtandikie kitanda, au nimuage?

Athman akanigeukia mimi, mwenye shauri. Balozi akainuka, akakumbuka ana safari ya Tezo. Nikamnyoshea Farjallah kikombe. Akasema kahawa imekwisha. Nami nililisikia dele likicheza, lina nusu nzima.